Nakupenda, Mterani

"Enyi Waterani, wekeni silaha chini!"

Duka zima la fotokopi liligeuka. Msichana mwenye gauni la manjano akaziba mdomo kwa karatasi za filamu alizokuwa akizisoma kwa sauti. Jamani, alisahau kabisa kwamba yuko kwenye foleni!

"Endelea tu," akasema kijana nyuma yake. "Filamu hiyo nimeitafsiri mimi."

"Kumbe ni wewe! Haya niambie, Waterani ni wadudu gani?"

"Ni sisi, dada! Tera kwa Kilatini ni ardhi. Watunzi wa hadithi za anga waliona binadamu akifika kwa viumbe wa sayari nyingine lazima aitwe kwa jina la kwao. Ndiyo Mterani, mtu wa ardhi hii."

Msichana alicheka mpaka hereni zikacheza. Kijana, kwisha habari yake.

Studio moja ilikuwa imemwajiri msichana kuwa sauti ya Kiswahili ya malkia wa sayari ya mbali katika filamu hiyo. Simu zikaanza.

"Umeamkaje, Mterani wangu?"

"Vibaya, malkia. Sijakuona tangu jana."

Walipendana waziwazi, ila neno lenyewe hakuna aliyethubutu kulisema. Mwishoni mwa filamu malkia anamwambia rubani, "Nakupenda, Mterani." Msichana akaahidi, "Siku ya kurekodi maneno hayo nitakuwa nakuambia wewe."

Basi karatasi za mwisho zikaja. "Nakupenda" imekatwa kwa wino mwekundu, na kwa mwandiko wa kijana imeandikwa: "Nenda." Msichana alilia kwa hasira. Simu hakupokea tena, na filamu ikiisha alikusudia kuhama studio.

Siku ya kurekodi, kijana aliingia kwa fundi mitambo akihema. Sauti yake ikamfikia msichana chumba cha pili cha kurekodia, kwenye vipokea sauti vya masikioni.

"Malkia, kosa langu nini?"

"Umenifukuza kwa kalamu, halafu unauliza?"

"Mpenzi, tazama mdomo!"

Fundi akawasha picha. Kabla ya "Mterani," mdomo wa malkia ulifunguka mara mbili tu, ukafungika. "Nakupenda" yenye silabi nne ingeingia wapi?

"Si ungeniambia kwanza, mjinga wewe!"

"Kweli. Nisamehe."

Msichana alifuta machozi. "Fundi, endelea."

Picha iliyofuata, malkia amegeuka, mgongo tu ndio unaoonekana, hakuna mdomo wa kufuata. Msichana akaisogelea maikrofoni.

"Nakupenda, Mterani. Nioe."

Fundi akamtazama kijana. "Hii tunaiacha kwenye filamu?"

"Mpaka 'Mterani' iache," akasema kijana, mkono tayari kwenye mlango wa chumba cha msichana. "Iliyobaki ni yangu."