Najma Hataki Kuachiwa

"Jumamosi ya sita hii, Marijani, na bado hujafikisha hata nyumba tano!" Recho, mchezaji mwenzao, alicheka mpaka akashika mbavu.

Marijani aliinamisha kichwa. Alikuwa fundi friji wa Mtoni, hodari kwa kazi yake, lakini mchezo huu ulikuwa unamuumbua. Albano, mchonga vinyago wa Bunju, ndiye aliyeubuni na kuuchonga kwa mninga. Ubao una maeneo yenye namba; unarusha dadu, na nyumba zako zilizo kwenye namba iliyotoka zinakupa kadi za mbao, tofali, chumvi, mpunga au samaki, kisha unabadilishana na wenzako ili ujenge. Wa kwanza kufikisha nyumba kumi ameshinda. Na karibu kila Jumamosi mchana, pale karakana kwa Albano, mshindi alikuwa Najma, muuza samaki wa Kunduchi.

"Najma," Marijani alisema mbele ya wote, "nifundishe."

"Ukishajua si utanifunga?"

"Ndiyo nia yenyewe."

Najma akacheka. "Haya. Kesho saa kumi njoo kibandani kwangu."

Kesho yake Marijani alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, Najma anapaa samaki huku anamsomesha.

"Kosa lako la kwanza, unarundika kadi mkononi kama mtu anayehama nyumba. Jenga! Kingine, nyumba zako za mwanzo unazibana zote kwenye mpunga. Zitawanye, dadu likianguka namba yoyote uwe na cha kupata."

"Na kubadilishana? Mie kila nikiomba nanyimwa."

"Kwa sababu unaomba unachotaka wewe. Tazama mwenzio kakwama wapi. Recho anakosaga tofali siku zote. Mpe tofali uone, atakupa mbao mbili na asante juu."

"Na wewe unakosaga nini?"

Najma alimtupia jicho la pembeni. "Hilo litafute mwenyewe."

Mama mmoja akafika, akaomba kibua. Najma hakukimbilia kumfungia. "Anakula nani leo, mama?" Alipojibiwa ni mgonjwa aliyetoka hospitali, alirudisha kibua, akachagua samaki laini, akamtoa mwiba mmoja mmoja.

Marijani alimtazama. Akaelewa kwa nini mwanamke huyu hashindwi. Alikuwa anawaona watu.

Akawa anakwenda kila Jumapili. Mwezi wa pili wa masomo hayo alituma ujumbe: "Najma, Jumapili bila Kunduchi naona haijakamilika."

Jibu likaja papo hapo: "Sema unanipenda tuendelee na mengine."

"Nakupenda."

"Na mie pia. Jumamosi usilegee."

Basi Albano akaalikwa Arusha kwenye tamasha la michezo ya mezani, aende na mchezaji mmoja. Marijani, Najma na Recho wakakaa kuitafuta nafasi hiyo. Najma alifika nyumba tisa, amebakiza kupata mbao moja tu. Marijani alikuwa na nane.

"Recho, mbao?" Najma aliuliza.

"Sina, na ningekuwa nayo nisingekupa."

"Marijani, mbao moja kwa chumvi."

Marijani aliyatazama macho yale. Akatoa mbao.

Najma akaweka nyumba ya kumi. Albano akapiga makofi, lakini Najma hakutabasamu.

"Nionyeshe kadi zako zote."

Marijani akazifunua taratibu. Najma akazitazama, kisha akaitazama ile mbao aliyopewa.

"Ungebaki nayo, zamu yako ungejenga nyumba mbili. Ulikuwa umeshinda, Marijani."

"Nilitaka uende Arusha."

"Nani kakwambia siwezi kwenda mwenyewe?" Aliing'oa ile nyumba ya kumi ubaoni. "Kaka Albano, nisamehe. Ushindi huu mie siutaki. Tuurudie mchezo Jumamosi ijayo."

Akajitupia mtandio begani, akatoka.

Siku nne Marijani alipiga simu, haikupokelewa. Alituma ujumbe, haukujibiwa. Alhamisi mchana, akiwa na friji la mtu amelifungua nusu, simu ikaita.

"Hallo, Najma!"

"Unajua kwa nini nimekasirika?"

"Kwa sababu nilikuachia."

"Kwa sababu umenibeba kama mtoto. Yule niliyekuwa naye zamani alikuwa ananiambia nijifanye sijui vitu, eti namwaibisha mbele za rafiki zake. Miaka miwili nilijifanya sijui! Wewe ulisema nifundishe, watu wote wanasikia, hukuona aibu. Nilikupenda pale pale. Sasa na wewe umeanza?"

Marijani akaweka bisibisi chini.

"Najma, mie sikukuona mdogo. Niliogopa. Nilijua nikikufunga utaniacha."

Sauti ya Najma ikashuka.

"Kumbe ndiyo hofu yako?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi Jumamosi njoo ucheze kweli. Ukiniachia tena, namba yangu uifute."

Jumamosi hiyo hakuna aliyetania. Najma nyumba tisa, Marijani tisa. Najma akanyoosha mkono.

"Marijani, tofali moja kwa samaki wawili."

Marijani alizifunika kadi zake. "Sikupi."

"Weee!" Recho alipiga paja.

Dadu likapita kwa Najma, halikumpa kitu. Ilipofika zamu yake, Marijani akamgeukia Recho, "Najua umekwama kwa tofali. Chukua hili, nipe mbao." Recho akanyakua. Marijani akajenga nyumba ya kumi, asithubutu kuinua uso.

Najma alizihesabu zile nyumba kwa kidole. Akafika kumi. Kisha akapiga kigelegele kilichowatoa majirani nje.

"Jamani, kanifunga! Huyu mwanaume kanifunga!"

"Hujakasirika?"

"Nikasirike nini? Huoni nilivyo na raha?" Macho yalimng'aa kwa machozi. "Nenda Arusha, Marijani. Ila kabla hujaondoka, una wazee?"

"Wapo. Baba mkubwa na wajomba zangu."

"Waambie baba yangu yupo nyumbani Ijumaa baada ya swala."

Albano aliangusha kete alizokuwa anakusanya. Marijani akaitikia kwa kichwa.

Ijumaa ile, saa nane mchana, wazee watatu kutoka Mtoni walivua viatu barazani kwa baba yake Najma, Kunduchi, wakapiga hodi kuleta posa. Ndani, Najma alikuwa ameshaandaa chai.