Mwendo wa Bernadetha

Gulio la Nyakahura lilikuwa limefurika watu, enzi hizo za Mwingereza, Bernadetha alipohisi anafuatwa. Kibuyu cha maziwa kilitulia kichwani, mikono ikining'inia, kanga mpya ya maua mekundu kiunoni. Akageuka.

"We kaka, umepoteza nini mgongoni kwangu?"

"Samahani, dada. Natazama mwendo wako. Hata tone halimwagiki!"

Loo! Bernadetha alishasikia maneno mengi ya vijana, lakini hili lilikuwa jipya.

Kijana aliitwa Emilian, seremala kutoka Mabawe, kaptula ya kaki, vumbi la mbao kwenye nyusi. Mzungu mmoja wa Biharamulo alitaka boti la injini lenye kasi, la kuwahisha wagonjwa wa visiwani. Mzungu mwenyewe alichora boti la tumbo jembamba. Emilian akashikilia kwamba la tumbo bapa litakwenda kasi zaidi. "Thibitisha kabla ya Jumapili," mzungu akamwambia, "la sivyo urudi kwenu."

Basi Emilian akachonga viboti viwili vyenye uzito sawa, kimoja chembamba na kimoja bapa, akavifunga kwenye ncha mbili za ufito. Katikati ya ufito akafunga mti mrefu. Mtu angeushika mti huo akitembea ukingoni mwa bwawa, na kiboti kinachozuiwa zaidi na maji kingebaki nyuma. Lakini ilibidi mtu huyo asiyumbe hata kidogo, ndiyo maana akamwomba Bernadetha.

Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia maji, Bernadetha alivuta. Maji yalifunguka taratibu, matete yakanong'ona, na alipomsikia Emilian akihema nyuma yake alitamani bwawa lile lisiwe na mwisho.

"Unanipenda mimi au miguu yangu?"

"Miguu ndiyo iliyoniita, mpenzi. Nikafika, nikakukuta wewe."

Ila kiboti bapa kilibaki nyuma kila siku. Emilian akaacha hata kula. Jumamosi, kwa hofu ya kumkosa, Bernadetha akatia jiwe ndani ya kiboti chembamba.

Kiboti bapa kikashinda! Emilian akaruka, akapiga kelele, akakiinua kile chembamba. Jiwe likabingirika miguuni pake.

"Bernadetha! Wagonjwa watapanda boti hili."

"Nilitaka ubaki!"

"Nibaki kwa uongo?" Akalitupa jiwe majini, akaanza kufunga zana zake.

Bernadetha akafoka. "Nenda basi! Na hivi vibao vyako navitupa huko kwenye matete!"

Akaunyakua mti, akatimua mbio ukingoni, machozi yanamtoka, viboti vikiburuzwa majini.

"Simama!" Emilian akapaza sauti. Halafu sauti ikabadilika. "Usisimame! Kimbia, mpenzi, kimbia!"

Bernadetha akatupa jicho. Kiboti bapa kilikuwa kimeinua pua, kimepanda juu ya maji, kinateleza. Chembamba kilibaki nyuma kikisukumana na mawimbi yake.

Emilian alimfikia akiwa amejaa tope hadi magotini, anacheka, analia. "Siku zote tulikuwa tunatembea tu! Nani anajenga boti la kasi litembee?"

"Nisamehe lile jiwe."

"Jiwe gani?"

Bernadetha akajifuta macho kwa kanga. "Kesho nitakimbia mbele ya mzungu wako. Kwa hiyo mwendo wangu huutaki tena?"

"Nautaka nyumbani kwangu, Mabawe au hapa, popote. Nije kwa baba lini?"

"Jumatatu. Ila uje polepole, Emilian. Baba hapendi wanaume wenye haraka."