Bomba Chini ya Njia

Kwa Shangazi hakuna saa ya kuamsha watu. Ng'ombe huanza kelele zake kabla ukungu haujaondoka vilimani, na hapo kila mtu huvaa mabuti, apende asipende. Chiriku alipenda. Baba yake ndiye aliyempa binti huyo jina hilo kwa sababu ya mdomo wake usiopumzika, na tangu aje likizo ulikuwa haujapumzika kabisa. Kila kitu kilimfurahisha: vilima vya kijani mbele na nyuma, mvua ya kila alasiri, matope yanayong'ang'ania buti mpaka mguu unatoka mtupu. Tena jana, kubwa kuliko yote, ng'ombe alikuwa amezaa!

"Mimi ndiye niliyemwona ndama akisimama," alimwambia binamu yake, msichana wa rika lake.

"Tumesikia. Hata ng'ombe amesikia," binamu yake akajibu.

Ndama alikaa bandani, chini kidogo ya njia. Upande wa juu wa njia ulipita mfereji ulioteremsha maji ya mvua kutoka kwa jirani mmoja hadi mwingine. Msimu huu kila nyumba ilisafisha kipande chake asubuhi, kabla mvua haijaja. Kipande cha Shangazi kiliishia kwenye bomba nene la saruji lililopitisha maji chini ya njia mpaka kijitoni.

"Leo bomba ni lako," Shangazi alimwambia Chiriku, akimkabidhi mti mrefu. "Usukume mpaka utokee upande wa pili. Bomba likiziba, maji yatavuka njia na kumwingilia ndama."

"Niachie mimi, Shangazi!"

Alichapa kazi kwelikweli. Alizoa matope, akang'oa magugu, huku akiimba. Lakini alipoinama kwenye mdomo wa bomba, majani yaliyooza yalitikisika, na macho mawili yakamkodolea. Chura! Tena mnene. Chiriku aliruka nyuma, mti ukamtoka mkononi. Alitaka kumwita binamu yake, akakumbuka atakavyochekwa. Mtoto wa mjini kakimbizwa na chura! Wakati huohuo akasikia binamu yake akimwita mteremkoni, ambako nyasi zilizolowa ziliteleza ajabu ukikalia gome la mgomba. Akatimua mbio.

Njiani alimkuta Shangazi akikata majani ya ng'ombe.

"Bomba tayari, mwanangu?"

"Tayari kabisa, Shangazi!"

Shangazi hakwenda kuangalia. Aende kufanya nini, na ameshaambiwa?

Waliteleza, wakabiringika, wakacheka mpaka mbavu zikauma. Baada ya chakula cha mchana mvua ikaanza. Ilipiga mabati kwa kishindo hata wakawa wanaongea kwa kupiga kelele. Binamu yake alichungulia nje, akashtuka.

"Mama! Maji yamevuka njia! Yanaingia bandani!"

Shangazi akanyakua jembe. "Bomba letu limezibuliwa, basi mfereji umebomoka huko juu kwa jirani. Twende haraka!"

Mama na mwanawe wakaanza kupanda kilima. Chiriku alibaki mlangoni. Kutoka bandani ndama alilia kwa sauti nyembamba, na maji ya kahawia yalikuwa yamemfika magotini. Kule juu Shangazi angetafuta mahali palipobomoka asipaone, na huku ndama angezama. Hakuna aliyejua ila yeye. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka moto, lakini miguu ilikuwa imeshaanza kukimbia.

"Shangazi, rudi! Ni bomba! Sikulizibua! Nilikudanganya!"

Shangazi aligeuka. Hakumgombeza. Alimtuma binti yake bandani akamshike ndama, naye akateremka mbio mpaka bombani. Chiriku alipiga magoti mfereji ukimlowesha kifua, akaingiza mkono mpaka begani na kuvuta majani, huku Shangazi akisukuma mti. Kitu baridi, laini, kilimpitia kwenye kiwiko. Alipiga yowe, lakini hakuutoa mkono.

"Vuta, mama! Vuta!" Shangazi alihimiza.

Bomba likakohoa, likatapika matope, kisha maji yakapita yakinguruma! Njia ikaanza kuonekana tena. Kutoka bandani sauti ikaita, "Amesimama! Ndama amesimama!"

Wote walikutana jikoni, wakamkausha ndama kwa magunia karibu na moto. Chiriku alisugua miguu ya ndama. Machozi yalimlengalenga.

"Shangazi, nisamehe. Niliogopa chura."

"Kuogopa chura si kosa, mwanangu. Ungeniambia, ningezibua bomba mwenyewe na tungecheka," Shangazi alisema. "Kosa ni lile neno 'tayari'. Mimi nililiamini, ndiyo maana nikakimbilia kilimani wakati ndama anazama huku chini. Mtu akikuamini, hakagui tena ulichosema. Anakichukua kama ukweli na kuendelea na kazi zake. Ukimdanganya, unampoteza njia hata akiwa na nia njema. Lakini uliniita nirudi, ukijua utaaibika. Kwa hilo umenifurahisha sana."

Chiriku akafuta pua.

"Haya, kuna kitu kingine ulichosema ni tayari, na si tayari?" Shangazi akauliza.

Chiriku alifikiri. Alimtazama ndama, akamtazama binamu yake, akatazama miguu yake.

"Mswaki," alisema kwa sauti ndogo.

"Wa leo?"

"Na wa jana."

Binamu yake aliangua kicheko mpaka ndama akashtuka, Shangazi akashindwa kujizuia, na Chiriku naye akacheka huku machozi yakimtoka. Kisha akainuka, akaenda kupiga mswaki.