Wapangaji wa Chini ya Mkuku

Nezihe alimwaga maji ya tambi kwenye sinki, na maji hayakuanguka.

Kushuka yalishuka, aliyaona kwa macho yake. Yalizunguka kwenye tundu, yakafuka mvuke, yakaisha. Lakini tangu mashua yao Turna ipandishwe nchi kavu, maji ya sinki yalikuwa yakipita bombani, yakitokea tundu la ubavuni, yakidondoka kutoka juu hadi kwenye kokoto, chwaaa, kama ng'ombe anayekojoa. Mumewe, Ridvan, hakuchoka kuitania sauti ile. "Turna imebanwa," alisema kila siku, na kila siku alijichekea mwenyewe. Magharibi ile, kimya. Nezihe alisimama na sufuria mkononi akisikiliza, hata tambi zikaanza kushikana.

Ndipo chini, chini kabisa ya mkuku, ule uti wa mgongo wa mashua, kitu kikalia. Mara moja. Kidogo tu.

"Paka," alisema Ridvan, macho kwenye pampu aliyoifumua mezani.

"Paka gani? Paka wa yadi hii hawapiti chini yetu tangu baridi ianze. Huwaoni wanavyozunguka?"

"Basi huyo mgeni, hajaambiwa."

Nermin, binti yao, akacheka, na Defne wa miezi tisa akacheka kwa sababu mama yake amecheka.

Walikuwa wanne ndani ya Turna majira yale. Ridvan alipostaafu ufundi wa mitambo kwenye feri, waliuza nyumba ya Edirne wakanunua mashua, na huu ulikuwa mwaka wao wa nne wa kuishi hivyo: kiangazi baharini, baridi katika yadi ya Gelibolu, mashua arobaini zimesimamishwa juu ya magadi, yale magogo ya kuegemezea vyombo, na watu wake wakipanda na kushuka ngazi kama kuku wanaokwenda kulala. Nermin alikuja na mtoto kwa sababu mumewe alikuwa kwenye meli ya mizigo. Aprili, Mungu akipenda, Turna ingerudishwa majini, wakateremka wote kusini mpaka Datça, na mume angeshukia huko amwone binti yake kwa mara ya kwanza. Nermin alihesabu siku kwa kukata kalenda ya ukutani kwa mkasi, maana kuweka alama hakukumtosha.

Asubuhi Nermin alipomvua mtoto nguo alipiga ukelele uliomtoa Ridvan kitandani bila miwani. Begani kwa Defne palikuwa na lengelenge, jekundu pembeni, kubwa kama kiganja.

"Mama, ulimwagia chai?"

"Mimi?"

"Nani mwingine anakunywa chai huku amempakata? Nimekwambia mara ngapi?"

"Nermin, nimewalea watatu. Nimezika mmoja. Sijaunguza hata mmoja."

"Basi limetoka wapi? Limetoka wapi, mama?"

Ridvan akasema labda ni bomba la kipasha joto, akaligusa, lilikuwa baridi. Akashuka ngazi akakague chini kama fundi anayejua kazi yake. Usiku kulianguka theluji nyepesi, yadi nzima ilikuwa nyeupe, isipokuwa chini ya Turna. Pale kokoto zilikuwa kavu. Na palinuka nywele zilizoungua.

Kwenye hospitali ya mjini, daktari alimgeuza Defne huku na huku, kisha akawaangalia wale wanawake wawili, mmoja baada ya mwingine. "Hii ni ya maji yaliyochemka," alisema. "Mkija naye hivi tena, sitazungumza na nyinyi. Nitazungumza na wenye mamlaka, na mtoto hatarudi kwenu." Njiani kurudi Nermin alikaa kiti cha mbele cha teksi, mamake nyuma peke yake.

Wakarudi naye hivyo siku ya tatu? Hawakurudi. Waliogopa. Maana lengelenge lilishuka. Kila magharibi, adhana ikiisha, Defne alikaza mwili na kulia kilio kisicho na pumzi, na mchomo uliongezeka, kutoka begani kuja mgongoni, kutoka mgongoni kuja kiunoni, ukifuata njia ile ile ambayo maji yangefuata kama mtu angemmiminia mtoto sufuria kutoka juu. Walimpaka dawa, walimpaka mtindi, Nermin alimkumbatia kwa nguvu huku akimkazia macho mama yake ili aone mikono yake ilipo, na mikono ya Nezihe ilikuwa mitupu, mapajani, na mchomo ulishuka vilevile mbele ya macho yao wote watatu.

"Mama, nisamehe," Nermin alinong'ona.

"Nyamaza. Sikiliza."

Chini ya sakafu waliyokanyaga, chini ya mbao na chuma na risasi ya mkuku, mtu alikuwa akibembeleza mtoto. Wimbo haukuwa na maneno. Ulikuwa ule mguno tu ambao kila mwanamke anao, ule wa mtoto mgonjwa ambaye mama ameshakata tamaa naye lakini mdomo bado haujakata, na ulipanda na kushuka, ukasimama, ukaanza tena, na mtoto wa chini alipokwikwika Defne naye alikwikwika papo hapo, pumzi kwa pumzi, kama wanaovuta kamba moja.

Kulipokucha Nezihe alikwenda kantini kwa Hayriye. Huyu alikuwa mwanamke wa miaka themanini, mpika supu wa yadi, na watu wa Gelibolu walimjua kwa jambo jingine pia: aliyeyusha risasi, ile metali laini, akaimwaga kwenye maji juu ya kichwa cha aliyepatwa na kijicho au shetani, akasoma umbo lake. Mabaharia walimcheka mchana, wakampelekea watoto wao jioni.

"Shangazi, kuna kitu chini yetu."

Hayriye aliendelea kukoroga dengu. "Wapo chini yenu kila mwaka. Mkuku wa Turna ni mrefu, unakinga upepo. Nyinyi mnajibanza hapa baridi ipite, na wao vilevile. Wapangaji kama nyinyi. Umewafanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Mwanangu, risasi itaniambia. Afadhali uniambie wewe."

Alipanda ngazi ya Turna kwa miguu yake ya themanini, akikataa kushikwa. "Niache, Ridvan, nilikuwa napanda miti babako hajazaliwa." Walimfunika Defne shuka mamake amempakata, wakainua beseni la maji baridi juu yake, na Hayriye akamimina risasi iliyoyeyuka kutoka kwenye upawa. Risasi ikiingia maji hupasuka na kupiga mayowe, kila mtu anajua. Hii ilizama bila sauti. Hayriye aliitoa kwa vidole, akaigeuza. Haikupasuka. Ilikuwa laini, nzito, imejikunja kama mtoto aliyelala ubavu.

"Mlimwaga maji ya moto nje, magharibi, bila kuomba njia," alisema.

"Hatumwagi kitu nje!" Ridvan akaruka. "Tunamwaga kwenye sinki, kama watu."

Nezihe alishika ukuta. Mama yake kule kijijini hakuwahi kumwaga maji ya moto uani jioni bila kusema kwanza, "Ruhusa, wenye mahali, jitengeni." Yeye mwenyewe angesema, kama angekuwa uani. Lakini nani anaomba ruhusa kwenye sinki la jiko lake? Baharini, maji yakitoka pale yanamezwa na bahari. Miaka minne mkono wake ulizoea bahari. Hakuwaza hata siku moja kwamba mashua ikiwa juu ya magadi, sinki lake ni uani.

"Ni mimi," alisema. "Tambi. Sufuria nzima, imetoka jikoni inatokota."

Hayriye aliifunga risasi kwenye kitambaa. "Basi utashuka wewe, leo, adhana ikiisha. Bila taa. Mikono mitupu. Omba msamaha, useme umekosa, kisha funga mdomo upande juu. Usiahidi kitu. Wanasikia ahadi kuliko tunavyosikia sisi."

Magharibi Nezihe alishuka zile ngazi kumi na moja. Juu, Defne alianza kulia. Nezihe alipiga magoti, akaingia chini ya mkuku kwa mikono na magoti, na baridi ya Gelibolu, ile inayong'ata meno, ikaachia mwili wake mara moja kama mtu aliyefunguliwa mlango wa nyumba yenye moto, kwa maana chini pale palikuwa na joto la mwili, joto la mahali mtu alipokaa muda mrefu bila kuondoka, na mbele ya uso wake, karibu sana, mtu alikuwa akipumua.

"Nimekosa," alisema. "Sikujua. Nisamehe."

"Miezi miwili." Sauti ilikuwa ya mwanamke aliyelia mpaka ikakauka. "Miezi miwili mnatumwagia maji ya vyombo, vuguvugu, tunasogea. Tukasema ni watu wa maji, hawajui nchi kavu. Siku ile hukugonga hata sufuria tukasikia. Wangu alikuwa amelala."

"Nichome mimi. Ni mimi niliyemwaga."

"Wewe umekauka. Nikikuchoma napata nini?"

Juu Defne alilia, na sauti ya Nermin ikapenya mbao, "Basi, mwanangu, basi, linapita," na Nezihe alitambua kwamba chini hapakuwa na kilio cha pili. Pale ambapo jana palikuwa na pumzi mbili, leo palikuwa na moja.

"Wako yuko wapi?" aliuliza, na hapo hapo akajua hakupaswa kuuliza.

"Amekufa adhuhuri."

Tone likamwangukia Nezihe mkononi, la moto. Alidhani ni chozi. Likafuata jingine, zito, lenye kunata, na harufu ikampanda puani, na alikuwa na miaka ishirini na sita tena, kitandani Edirne, wiki moja baada ya kumzika yule mdogo, mama yake akimfunga majani ya kabichi kifuani kwa sababu maziwa hayakujua kwamba mtoto hayupo.

"Yananiuma," ilisema sauti. "Huyo wa juu namchukua leo. Ni haki."

Ilikuwa haki. Hilo ndilo lililomtisha Nezihe kuliko giza lile. Juu, kilio cha Defne kilikatika, na kisha hakikuendelea, na Nermin akaanza kuita jina la mtoto, mara ya kwanza kwa sauti ya kawaida, mara ya pili si ya kawaida, na Nezihe akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, haraka, kama mtu anayesukuma mlango kwa bega:

"Mnyonyeshe. Usimwue. Awe na mama wawili, wewe na binti yangu, lakini aishi."

Joto liliondoka. Alibaki kwenye kokoto, kwenye baridi, na juu mtoto akavuta pumzi na kupiga chafya.

Baada ya siku tatu, mgongo wa Defne ulikuwa laini kama maandazi. Ridvan aliziba tundu la ubavuni kwa kizibo cha mbao, na tangu hapo wakawa wanashusha maji machafu kwa ndoo, yakiwa yamepoa, kila ndoo na "ruhusa, wenye mahali", hata yeye, kwa sauti kubwa, kofia mkononi. Hayriye alimkuta Nezihe bombani.

"Ulimwambia nini?"

"Niliomba msamaha."

"Msamaha tu?"

"Msamaha tu, shangazi."

Hayriye akanawa mikono, ingawa haikuwa michafu.

Februari Defne alikataa ziwa. Nermin alimweka, akageuza uso. Akamweka tena, akasukuma kwa viganja. Lakini alinenepa. Mashavu yalijaa, mikono ikatia mikunjo. "Sijui anakula upepo," Nermin alisema, akicheka, kisha hakucheka. "Mama, hanitaki." Nezihe alimwambia watoto wengine huacha mapema. Alimwambia akiwa amempa mgongo, anakatakata kabichi.

Aprili kreni iliinyanyua Turna kutoka kwenye magadi na kuiweka majini. Watu wa yadi walikuja kuwaaga. Anayesafiri humwagiwa maji nyuma yake, aende kama maji na arudi kama maji, na Hayriye alitoka kwenye mlango wa kantini na ndoo imejaa. Alimwona Defne mikononi mwa bibi yake. Hakumwaga. Aliishika ndoo mpaka walipopita mnara wa taa wa bandari.

Jioni ya pili, kusini mwa mlango wa bahari, walikuwa wakiingia ghuba ya kisiwa cha Bozcaada kutia nanga. Ridvan alikuwa mbele, mgongo kwao, akifungua mnyororo. Nermin alikuwa chini akikaanga vitunguu. Nezihe alishika usukani, na Defne alikaa sitahani, kamba ya usalama kiunoni, akichezea kijiko. Jua lilizama. Mtoto akaacha kijiko. Akasimama, bila kushika kitu, kwa mara ya kwanza maishani mwake, akainua mikono kuelekea kivuli cha mlingoti.

"Mama," alisema.

"Ameita!" Nermin akapiga kelele chini. "Mama, umesikia? Ameniita! Neno lake la kwanza, ameniita mimi!" Upawa ukaanguka, miguu ikaja mbio.

Nyayo za Defne zilikuwa zimeachana na sitaha. Upana wa kiganja, kisha viwili. Kamba ilinyooka. Alikuwa amelala hewani, kichwa kimeegemea mahali pasipo na kitu, macho nusu yamefumba, mdomo ukifanya kazi, na alikuwa akibembezwa, taratibu, kushoto na kulia, wala si kwa mwendo wa mawimbi.

Kichwa cha Nermin kilikuwa kinakaribia kutokea ngazini.

"Rudi, mwanangu, vitunguu vinaungua," Nezihe alisema, akausukuma mlango wa ngazi ukajifunga, akaukalia.