Sakafu ya Libuyu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Rosine alivua kandambili akapiga deki sakafu hadi ing'ae. Mwezi mzima sasa familia yake ilikuwa imepanga ile nyumba ya bondeni, mtaa wa Lac Vert mjini Goma, na bado hakuamini bahati yao. Tangu watoke Butembo walikuwa wamehama mara tatu, na kote huko walilala juu ya mawe ya volkano. Hapa sakafu ilikuwa ya mbao ngumu za mti wa libuyu, nyekundu na laini, zilizoinuliwa kidogo kutoka chini. Wenzake darasani walishachoka kusikia habari zake.

Asubuhi moja isiyo na upepo alimtafuta kuku wao, akamkuta chini ya sakafu, amekufa, na kando yake mijusi wawili wamekufa pia. Hapakuwa na damu wala jeraha. Mtoto yeyote wa Goma anajua maana yake: ni mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini, isiyoonekana, nzito, inayotulia chini mabondeni na kuua kimyakimya.

Sasa sikilizeni alichofanya msichana huyu mwenye akili zake timamu. Badala ya kumwita mama, alimvuta kuku kwa fimbo, akamtupa shimoni, akasema ameibwa. Alijua fika kwamba akilitaja neno lile, wangefunga virago siku hiyohiyo, naye alikuwa amechoka kuhama. Akajiambia kwamba hewa haiwezi kupenya mbao ngumu namna ile. Mama yake, Mama Thérèse, akawalaani wezi, yakaisha.

Hayakuisha kwa Rosine. Mdogo wake Jephté, wa miaka minne, alilala kwenye godoro sakafuni, wengine wote vitandani. Siku ya pili mtoto aliamka akilia kichwa kinauma. Mama alidhani ni malaria, akamkanda kwa maji. Rosine alisimama pale na maneno yote mdomoni, akayameza. Aliogopa, na sasa aliona aibu pia.

Siku ya tatu Jephté hakuamka. Rosine alimwita, akamtikisa, kichwa kikalegea. Alimnyakua akakimbia naye kupanda mlima, huku akimlilia mama aliyemfuata mbio.

"Mama, ni mazuku. Kuku hakuibwa. Nilimtupa mimi."

Walimlaza penye upepo, wakampepea, wakaomba. Mwishowe akakohoa, akatapika, akafungua macho. Muuguzi wa kituo cha afya aliwaambia kwamba wangechelewa kidogo tu, wangekuwa wanatafuta sanduku la kumzikia.

Mchana uleule baba yao, Papa Paulin, alipata chumba huko juu. Walipokuwa wanafunga vyombo, komisioneri, yaani dalali wa nyumba ile, alikuja na mama mmoja mjamzito aliyetaka kupanga. Mama yule alivua viatu, akapitisha unyayo juu ya mbao, akatabasamu. Dalali, aliyekwisha kusikia habari ya mazuku, akawakonyeza wenyeji wanyamaze. Mama Thérèse alimtazama Rosine, akangoja.

"Mama, usiichukue," Rosine akamwambia yule mjamzito. "Chini yake kuna mazuku. Mutoto wetu alikaribia kufa. Mimi nilijua, nikaficha."

Dalali alisonya akatoka. Yule mama alivaa viatu vyake, akamshika Rosine mkono, akamshukuru.

Njiani, Rosine akiwa amembeba Jephté mgongoni, mama yake alisimama kidogo kupumzika.

"Sitakuchapa," alisema. "Umekwisha kumwona ndugu yako amelegea mikononi mwako, na hiyo inatosha. Lakini ushike hili, mwanangu. Ukiona hatari, iseme palepale, hata kama utakosa kitu unachokipenda. Nyumba tutapanga nyingine. Jephté tungempanga wapi?"

Rosine alimkaza mdogo wake mgongoni, akimsikia anavyopumua, wakaendelea kupanda.