Kanuni ya Saba ya Tuzo ya Maji

Chujiohai, chujio la seli hai, liliguna, likanyoosha utando wake mwembamba kuliko ganda la kitunguu, likaanza kunywa. Lilinyweshwa maji ya chini ya Mlima Meru, safi kwa macho lakini yamejaa floraidi, yale ambayo kwa vizazi yaliwapaka watoto meno rangi ya kahawia na kuwapinda mifupa. Seli za utando, zilizofunzwa na akili mnemba, ziliinasa floraidi na kuyaachia maji yapite. Kipimo ukutani kikaandika: salama. Ukumbi mzima wa Arusha ya mwaka 2094 ukasimama kushangilia.

Mhandisi Anasia Mbise, aliyeliunda, hakushangilia. Alikuwa mshindi wa Tuzo ya Maji, naye alijaa hasira.

Dakika kumi kabla, nyuma ya jukwaa, mshindani wake kutoka Tanga, Dakta Sefu Mwinchande, alikuja kumpongeza. Akauliza, "Fundi wenu Lomayani hajambo?"

"Amekaa mstari wa mbele. Haoni. Utando ulipasuka, asidi ya kuusafishia ikamrukia machoni."

Sefu akainamisha kichwa. "Kwenye joto la nyuzi sitini?"

"Umejuaje?"

"Wetu ulipasuka mwaka mmoja kabla ya wenu, joto hilohilo. Bahati yetu chumba kilikuwa kitupu. Dada, ningekwambiaje? Kanuni ya Saba."

Kanuni hiyo kila mshindani aliijua: anayetoa nje matokeo yake, mazuri au mabaya, ameondolewa, na mshindi akishatia saini, matokeo ya washindani wote ni mali ya Mfuko wa Tuzo. Basi vikosi arobaini vilifanya kazi ileile kwa siri, kila kimoja kwa gharama yake, vyote vikijikwaa kwenye kisiki kilekile na kunyamaza. Mfuko ungemlipa mshindi mmoja, jasho la thelathini na tisa ungelipata bure. Wakubwa wa Mfuko wakauita huo ubunifu. Ubahili uliovaa suti, huo!

Sasa mwenyekiti wa Mfuko, Profesa Kokushubila, alimsogezea mkataba. Anasia akatoa kidaftari chenye madoa.

"Kwanza nitawasomea majaribio yetu yaliyoshindwa."

"Ukisoma, tuzo huna," profesa alisema kwa upole. "Nayo ndiyo ingemnunulia fundi wako macho ya kielektroniki. Umemfikiria?"

Anasia alimfikiria kila siku. Kidaftari kikamlemea mkononi.

Lomayani akainuka, akishikilia kiti. "Macho ni yangu, Profesa. Usiyapige mnada hapa. Anasia, soma!"

"Wahenga walisema mficha uchi hazai," Anasia alisema, machozi yakimtoka waziwazi. "Sisi tumefichana mpaka mtu amepofuka. Jaribio la tisa: utando ukifika nyuzi sitini, unapasuka. Narudia, nyuzi sitini!"

Kipaza sauti kikazimwa. Akapaza sauti yake mwenyewe.

"Nyufa zinaanza hamsini na nane!" Sefu alidakia kutoka nyuma. "Kwetu tuliziona!"

"Hamsini na tano, kama maji yana magadi!" mama mmoja wa kikosi cha Singida akasimama.

Roboti mhudumu akaja kuuondoa mkataba mezani. Anasia alimwona akienda nao, akafunua ukurasa wa pili na kusoma kwa kasi, kana kwamba angefukuzwa wakati wowote.

"Polepole, mdogo wangu," Lomayani akamwambia, akisikiliza kalamu zikikwaruza. "Wengine bado wanaandika."