Kitambaa kwenye Komeo

Kila asubuhi, kabla ya kunawa uso, Chiriku alikagua kitambaa kilichofungwa kwenye komeo la mlango. Kililegea upesi, na kikilegea tu, chuma kiligonga chuma. Mlio huo kaka yake hakuuweza. Kisha Chiriku alipanga vifuniko vya sufuria juu ya mkeka ili visilie, akatoka kwenda shule akinyata kama mwizi wa kuku.

Jina la Chiriku alipewa na kaka huyohuyo, kwa kuwa alipokuwa mdogo mdomo wake haukupumzika hata ukiwa na chakula ndani. Wakati huo kaka alikuwa hajaingia jeshini. Alikwenda vitani, akarudi na viungo vyake vyote, lakini usingizi na kicheko havikurudi naye. Kwa miezi mingi alijifungia chumbani. Majuzi tu alikuwa ameanza kukaa barazani na mama yao, mshona nguo, akimkatia nyuzi zilizozidi. Mama hakusema neno, asije akamrudisha ndani. Alikanyaga cherehani polepole, na machozi yalimlenga.

Shuleni ilikuwa wiki ya kuwakumbuka wanajeshi. Kuta zilijaa bendera za karatasi. Mwalimu wa muziki aliuliza nani ana ndugu jeshini, na mkono wa Chiriku ukawa juu kabla swali halijaisha.

"Kaka yangu! Amerudi kutoka vitani, na hakuna hata mtu mmoja aliyekuja kumshukuru."

"Basi tutampelekea bendi nzima," mwalimu alisema. "Lakini kawaulize kwanza nyumbani."

Chiriku hakuuliza. Alitaka wafurahi ghafla. Moyoni aliamini kwamba kaka amenyamaza kwa sababu nchi aliyoipigania haikumpigia hata makofi. Mwalimu alipomuuliza kesho yake, alijibu bila kupepesa macho, "Wamekubali."

Alasiri hiyo bendi ilijipanga kimya nyuma ya nyumba ya akina Chiriku. Mbele alisimama Kitufe, mvulana mdogo kuliko ngoma aliyoibeba. Chiriku alipunga bendera yake, na ngoma zote zikapigwa kwa mkupuo mmoja.

Kaka aliruka kutoka barazani. Badala ya kuzikimbia ngoma, alizikimbilia. Alimkumba Kitufe, akamlaza chini na kumfunika kwa mwili wake, huku akiwapigia wengine kelele, "Laleni! Vichwa chini!" Wawili watatu walicheka wakidhani ni mchezo. Kisha waliona jinsi alivyomng'ang'ania Kitufe, na kicheko kikawakauka midomoni.

Mama alipiga magoti vumbini. "Mwanangu, uko nyumbani. Ni watoto hawa. Ni watoto tu."

Alirudia hivyo mpaka kaka akamwachilia Kitufe. Alimpangusa vumbi, akasema, "Samahani, mdogo wangu," kisha akaingia chumbani na kufunga mlango.

Baraza ikabaki tupu tena. Chakula cha kaka kilirudi jikoni kama kilivyokwenda. Mama hakumgombeza Chiriku, na hilo lilimuuma kuliko fimbo. Asubuhi Chiriku alimwendea mwalimu, macho yamemvimba.

"Nilikudanganya, mwalimu. Sikuwauliza. Sasa hatoki tena."

Mwalimu alishusha pumzi. "Hata mimi nilipaswa kufika kwenu mwenyewe kuuliza. Ila aliyekosewa ni kaka yako. Mwambie yeye."

Baada ya masomo Chiriku aliketi nje ya mlango wa chumba. "Kaka, mimi ndiye niliyewaleta. Niliona uchungu kwamba watu wamekusahau. Nikasema uongo kwamba umekubali. Nisamehe."

"Yule mwenye ngoma kubwa," sauti ya kaka iliuliza, "aliumia?"

"Alichubuka goti. Yuko hapa barazani, amekuja kukuona."

Mlango ulifunguka taratibu. Kitufe alikuwa amesimama peke yake, hana ngoma, na viatu vyake amevishika mkononi.

"Shikamoo, kaka. Wameniambia hapa hamtaki vishindo."

"Marahaba." Kaka alilitazama lile goti. "Nilikutisha. Nilidhani..."

"Najua," alisema Kitufe. "Ulidhani ni mabomu, ukanifunika mimi. Asante."

Kaka aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika, akalia mbele yao bila kujificha. Mama alimsogezea kigoda kando ya cherehani na kumwekea mkasi karibu. Baada ya muda kaka aliuchukua.

Jioni, Chiriku alipokuwa akiokota vipande vya nyuzi, mama alimvuta karibu. "Kuipenda nchi ni jambo jema, mwanangu, na askari wetu wanastahili shukrani. Lakini askari ni mtu. Muulize kwanza anaweza kupokea nini, kisha mpe hicho. Na ukiulizwa wewe, sema kweli."

Chiriku alikwenda mlangoni, akakikaza kitambaa kwenye komeo.